AMRI YA SABA NA MOTO WA JIKONI

Somo kwa wakatekumeni wanaojitayarisha kupokea Ubatizo

1. Mwenye mali ni Mungu

Amri ya Saba ya Mungu inakataza kuiba. Kila mkatekumeni amekwisha kujifunza maana yake ya kwanza: asiingie usiku katika shamba la jirani kung'oa muhogo, asipunguze kipimo sokoni, asizuie mshahara wa mfanyakazi. Lakini amri hii ina maana pana zaidi, nayo ndiyo itakayoelezwa katika somo hili. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inafundisha katika namba 2415 kwamba Amri ya Saba inadai pia kuheshimu vitu vyote alivyoviumba Mungu. Mtu anaruhusiwa kutumia miti, madini na wanyama. Lakini hana ruhusa ya kuvitumia bila kufikiri hali ya jirani yake, wala hali ya wale watakaozaliwa baadaye.

Sababu yake si ngumu kufahamu. Kitabu cha Mwanzo (2,15) kinasimulia kwamba Mungu alimweka mtu katika bustani apate kuilima na kuitunza. Kazi hizo ni mbili, wala haifai kushika moja na kuacha ya pili. Mtu hakuambiwa kwamba bustani ni yake, alikabidhiwa tu.

Mfano: Baba mmoja anasafiri safari ndefu. Anamwachia mwanawe mkubwa mbuzi kumi, na kumwambia atawatunza yeye pamoja na wadogo zake. Mkubwa akinywa maziwa, hakosei. Akichinja mbuzi mmoja siku ya sikukuu, hakosei. Lakini akichinja wote kumi mwaka wa kwanza, wadogo zake watakula nini? Atajitetea kwamba hakuingia katika zizi la mtu, kwa maana mbuzi walikuwa mkononi mwake. Hata hivyo ameiba. Ameiba mali ya ndugu zake wadogo.

Ndivyo ilivyo kwa msitu. Ni mali iliyowekwa mkononi mwa wakubwa, na wadogo bado hawajazaliwa.

2. Kilichomo ndani ya mti

Mkoa wa Tshopo una misitu mikubwa. Mtu akitoka Kisangani kwa barabara ya Buta au ya Ituri, au akishuka kwa mtumbwi kuelekea Yangambi na Isangi, anaona miti kila upande, naye hudhani kwamba haitakwisha kamwe. Lakini wazee wa vijiji vilivyo karibu na mji wanajua jambo jingine. Mahali walipokata kuni walipokuwa vijana, leo ni nyasi na vichaka. Mwenye kutafuta mti mkubwa sasa huenda mbali.

Msitu huwapa watu vitu vingi vionekanavyo: mbao, dawa, nyama, asali, uyoga, na viwavi wanaoliwa. Mti uitwao msapeli, kwa mfano, hulisha viwavi kwa majani yake. Mpasua mbao akiukata, kijiji kinapata mbao mara moja na kinakosa kitoweo kila mwaka. Tena msitu huleta mvua, kwa maana sehemu kubwa ya mvua ya bonde la Kongo hutokana na mvuke unaopandishwa na miti yenyewe.

Lakini mti una kazi nyingine isiyoonekana kwa macho. Katika hewa imo hewa ya ukaa. Kila kitu kinapoungua, kiwe kuni, makala, petroli au mazuti, hutoa hewa hiyo. Hewa hiyo ikizidi juu ya nchi, huzuia joto lisitoke, kama blanketi juu ya mtu aliyelala. Ndiyo sababu dunia inazidi kupata joto, na majira ya mvua na kiangazi yanachafuka, mpaka mkulima hajui tena siku ya kupanda. Mti unaoota huivuta hewa hiyo, nao hufanya mwili wake kwayo. Mti ukikaushwa vizuri, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni, yaani ukaa uliotoka hewani. Basi kila mti mkubwa ni ghala iliyofungwa. Anayeuchoma hufungua ghala, na kilichowekwa kwa miaka mia moja hutoka kwa siku chache.

Huko Yangambi, kiasi cha kilomita 100 kutoka Kisangani, wataalamu wamekuwa wakichunguza mimea tangu mwaka 1933. Mwaka 2020 walisimamisha mnara mrefu katikati ya msitu, wapate kupima hewa inayovutwa na kutolewa na miti. Nchi nyingi zinauangalia msitu wa Kongo kwa ajili hiyo. Marehemu Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, aliutaja kwa jina pamoja na msitu wa Amazon, kwamba ni kama mapafu ya dunia.

3. Je, kuchoma makala ni dhambi?

Hapo mkatekumeni mmoja aweza kusimama na kuuliza: «Mtu mwenye watoto sita huchoma makala na kuyapeleka sokoni kwa baiskeli. Kwa fedha hiyo analipa shule na kununua dawa. Je, anatenda dhambi? Na watu wa mji watapikia nini?»

Swali hili ni la haki, nalo lipewe jibu la kweli.

Kwanza, kazi ya kupata mkate si dhambi. Mungu anapenda mtu ale jasho lake. Familia nyingi sana za Kisangani, kuanzia Makiso na Mangobo mpaka Lubunga ng'ambo ya mto, hupikia makala au kuni. Mji una bwawa la umeme juu ya mto Tshopo, lakini umeme huo hautoshi, wala haufiki katika kila nyumba. Maskini hawezi kulaumiwa kwa sababu anapika chakula.

Pili, haki idai kusema kwamba walioijaza dunia hewa ya ukaa si watu wa vijijini vya Kongo. Ikihesabiwa hewa itokayo katika petroli, gesi na makaa ya mawe, mtu mmoja wa Marekani hutoa kwa wastani zaidi ya tani 13 kwa mwaka. Mkongomani mmoja hafikishi kilo 100. Papa Fransisko alifundisha waziwazi kwamba nchi tajiri zina deni kwa nchi maskini katika jambo hili. Deni hilo lazima lilipwe, na wakristu wana haki ya kulidai.

Lakini deni la jirani haliniondolei mtu deni lake mwenyewe. Mti ukikatwa ovyo nyuma ya kijiji, atakayekosa kuni kesho si mtu wa Ulaya. Ni mtoto wa kijiji kile kile. Basi kosa haliko katika makala yenyewe. Kosa liko katika mambo matatu: kukata pasipo ruhusa ya wenye ardhi, kupoteza bure, na kukata bila kupanda. La kwanza ni wizi kwa jirani wa leo. La pili ni dharau kwa zawadi ya Mungu. La tatu ni wizi kwa mtoto wa kesho.

Bwana wetu Yesu Kristu mwenyewe ametoa mfano. Alipokwisha kuwashibisha watu elfu tano kwa mikate michache, aliwaagiza wanafunzi wake wakusanye vipande vilivyobaki, kisipotee kitu (Yohane 6,12). Yeye aliyeweza kuongeza mikate bila shida hakukubali makombo yatupwe. Ikiwa Mwana wa Mungu alitunza makombo, mtu asiyeweza kuumba hata jani moja atawezaje kutupa mti mzima?

4. Kila kazi ina njia yake

Watu wengine hudhani kwamba utakatifu ni wa kanisani tu, na kazi ni jambo la dunia. Si hivyo. Yosefu Mtakatifu alikuwa seremala, na mwaka 1955 Papa Pius XII aliweka tarehe 1 Mei iwe sikukuu yake kama Mfanyakazi. Nchi ya Kongo yenyewe ina Mwenyeheri Isidori Bakanja, aliyekuwa msaidizi wa waashi. Alibatizwa tarehe 6 Mei 1906 huko Mbandaka, akawafundisha sala wafanyakazi wenzake, akafa tarehe 15 Agosti 1909 kwa mapigo aliyopigwa kwa sababu ya imani yake. Hakuwa padri wala mtu mkubwa. Alimtumikia Mungu mahali pa kazi. Basi amri ya kutunza zawadi za Mungu haina budi kufika mahali pa kazi, na kila kazi ina njia yake ya kuishika.

Mchoma makala. Katika tanuru ya udongo iliyotengenezwa kwa haraka, kilo moja ya makala hutoka katika kilo tano mpaka kumi za kuni. Maana yake, gunia la kilo 50 limekula kilo 250 mpaka 500 za mti. Tofauti kati ya tano na kumi haitoki kwa bahati. Inatoka kwa bidii. Fundi mwema huacha kuni zikauke majuma kadhaa kabla ya kuzichoma, kwa maana kuni mbichi hula moto kwa kukausha maji yake. Huzipanga zikibanana, vipande vidogo vikijaza nafasi. Hufunika kwa majani na udongo bila kuacha ufa, huweka dohani, naye hukaa kulinda usiku na mchana. Ufa ukitokea, huuziba mara moja. Kwa maana hewa ikiingia, makala hugeuka majivu. Mvivu analala, na asubuhi anakuta nusu ya mti imepotea. Hapo si mti tu uliopotea, bali na jasho lake.

Mama wa nyumbani. Huyu ndiye mwenye moto wa kila siku, na akiba yake ni kubwa kuliko anavyodhani. Maharagwe yakilowekwa usiku kucha huiva upesi. Chungu kikiwa na kifuniko, joto halikimbii. Sombe ikitwangwa vema haihitaji saa nyingi. Chakula kikiisha kuiva, makala yaliyobaki yazimwe kwa mchanga au yafunikwe katika chungu kikuukuu, yatumike tena jioni. Hayo ndiyo makombo ya moto, nayo yakusanywe. Tena apike nje, au mahali penye hewa, kwa maana moshi unaumiza macho na mapafu ya watoto.

Mfua bati. Mbabula ya bati tupu hupeleka joto pembeni, na miguu ya mpishi hupata moto kuliko chungu. Mbabula iliyowekewa udongo wa kuchomwa ndani hushika joto, nayo yaweza kupunguza theluthi ya makala, hata zaidi. Mfua bati na mfinyanzi wakishirikiana, wanaweza kuzitengeneza kijijini. Kwa kazi hiyo wanampa kila mama fedha ambayo zamani ilikuwa ikiungua.

Mwashi na mfyatua matofali. Tanuru ya matofali hula miti mingi kwa siku chache. Udongo mzuri uliochanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa kwa nguvu katika kalibu na kukaushwa kivulini, hutoa tofali lisilohitaji moto. Nyumba yake ipewe msingi mzuri na paa lenye ukingo mrefu, mvua isipige ukuta.

Mpasua mbao na seremala. Wasikate mti mchanga ambao haujazaa mbegu. Mabaki ya mbao yasiachwe yaoze porini. Vipande vyafaa kwa viti na masanduku, na vidogo vyafaa kwa makala. Kiti kinachodumu miaka thelathini kimehifadhi miti ambayo ingekatwa kwa viti vibovu.

Mwendesha toleka. Katika miaka ya vita, kuanzia mwaka 1998, njia za Kisangani zilipofungwa na petroli ikawa haba, baiskeli za toleka ndizo zilizobeba watu, wagonjwa na mizigo ya mji. Leo pikipiki zimeshika nafasi yao, na vijana wengine wanaona haya kukanyaga baiskeli. Hakuna haya katika kazi hiyo. Baiskeli haichomi petroli hata tone moja. Vivyo hivyo Mgenya anayetega vikapu vyake juu ya nguzo katika maporomoko ya Boyoma anavua kwa nguvu ya maji yenyewe, kama babu zake walivyovua. Asiyechafua hewa ya jirani amestahili heshima.

Mkulima. Huyu anaombwa neno kubwa kuliko wote, kwa maana katika Kongo msitu hupotea hasa kwa mashamba mapya yanayofyekwa na kuchomwa. Yafaa arudi katika shamba lililopumzishwa badala ya kufungua msitu mkubwa, apande kunde na karanga kuurudishia udongo nguvu, na kuacha miti yenye faida isimame kati ya mazao.

5. Kazi ya jumuiya

Mtu mmoja akipanda na kumi wakikata, msitu utakwisha. Kwa sababu hiyo kazi hii yahitaji jumuiya. Maaskofu wa Kongo, tangu mwaka 1961, walichagua kulijenga Kanisa juu ya jumuiya hai za wakristu wa mtaa mmoja. Jumuiya hizo hutembelea wagonjwa na kuzika wafu. Zaweza pia kupanda miti.

Mifano ipo. Huko Mampu, katika uwanda wa Bateke mashariki ya Kinshasa, kiasi cha hektari 8,000 za mikasia zilipandwa kuanzia mwisho wa miaka ya 1980, mahali palipokuwa na nyasi tu. Zaidi ya familia 300 ziligawiwa viwanja vya hektari 25. Familia hupanda muhogo na mahindi kati ya miti michanga. Miti ikifika umri wa miaka minane au kumi hukatwa kwa makala, na mingine huota tena mahali pale. Mkasia hurutubisha udongo kwa mizizi yake, na nyuki hupata maua. Katika Kivu ya Kaskazini, tangu mwaka 2007, wakulima wamepanda miti ya makala mashambani mwao, ili msitu wa Virunga uachwe. Nao wakulima wa pande za Yangambi wamekwisha kuanza kupanda mikasia.

Tena sheria inasaidia. Tangu tangazo la serikali la mwaka 2014, kijiji chaweza kuomba msitu wake uandikwe kuwa msitu wa jamii, kufikia hektari 50,000, bila mwisho wa miaka. Vijiji mbalimbali vya Tshopo vimekwisha kufanya hivyo. Msitu wenye jina la kijiji hauwezi kuuzwa na mtu mmoja gizani. Lakini karatasi peke yake hailindi mti. Walindao ni watu wenye dhamiri.

Mfano wa mwisho: Wachoma makala wawili wanakata katika kilima kimoja. Wa kwanza anakata kila mwaka mbele zaidi, hapandi. Wa pili, pamoja na jumuiya yake, anapanda miche mia moja kila mwanzo wa mvua. Miaka mitano ya kwanza, wa kwanza ana fedha nyingi, naye anamcheka mwenzake. Mwaka wa kumi, wa kwanza anaondoka usiku wa manane kwenda kutafuta mti, na baiskeli yake inaharibika njiani. Wa pili anakata nyuma ya nyumba yake, na mwanawe anapanda tena shimo lile lile. Nani kati yao ameshika Amri ya Saba? Na nani kati yao ameshiba?

6. Maulizo ya kukariri

Swali: Amri ya Saba inakataza nini?
Jibu: Inakataza kuchukua au kuharibu mali ya mwingine, hata mali ya wale ambao hawajazaliwa.

Swali: Msitu ni mali ya nani?
Jibu: Ni mali ya Mungu, watu wamekabidhiwa wautumie na kuutunza.

Swali: Je, kuchoma makala ni dhambi?
Jibu: Kuchoma makala kwa kupata riziki si dhambi. Ni kosa kukata pasipo ruhusa, kupoteza bure, na kukata bila kupanda.

Swali: Kwa nini mtu maskini atunze mti, ikiwa matajiri ndio waliochafua hewa zaidi?
Jibu: Matajiri watadaiwa yao. Lakini mtu hutunza mti wake kwa ajili ya watoto wake na kwa ajili ya upendo wa Mungu.

Swali: Ni nani aweza kushika amri hii katika kazi yake?
Jibu: Kila mtu: mchoma makala, mama jikoni, mfua bati, mwashi, seremala, mwendesha baiskeli, mvuvi na mkulima.

7. Azimio la juma

Papa Fransisko, katika namba 211 ya Laudato Si', alisifu matendo madogo ya kila siku, kama kupika tu kile kitakachoweza kuliwa, na kupanda miti. Basi kila mkatekumeni achague moja katika haya: kufunika chungu, kuzima na kuweka makala yaliyobaki, kukausha kuni kabla ya kuchoma, au kupanda mche mmoja na kuuwekea uzio. Jumapili ijayo, kabla ya mafundisho, kila mmoja ajiulize dhamirini kama amelitimiza.

Sala: Ee Mungu Mwumba, umetupa moto tupate kupika, na miti tupate kujenga. Utujalie mikono isiyopoteza na moyo usiosahau wadogo wanaokuja nyuma yetu. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.